Nyonga Mpya ya Madam

"Kwa nini sasa?" daktari wa mifupa aliniuliza kwenye korido, eksirei ikiwa bado mkononi mwake. "Amechechemea karibu miaka kumi. Kila alipoambiwa aje tumchunguze alikataa. Leo amekuja mwenyewe, anasema anataka awe anatembea kabla ya mvua ya kupanda. Wewe ni jirani yake. Kuna nini?"

Mimi, ambaye mama yangu aliniita Wakili kwa sababu ya kuuliza uliza, nilibaki nikitazama ile picha. Upande mmoja wa nyonga ulikuwa mviringo kama chungwa. Upande wa pili ulikuwa kama chungwa lililokanyagwa.

Ploti nzima, wapangaji wa ua mmoja, tulimwita Madam. Jina alikuwa nalo, lakini baada ya uchaguzi ule uliozua vurugu za kikabila jina la mwisho la mtu lilitosha kuwasha kiberiti, naye alikuja kupanga mtaa wetu wa Huruma na jina la kazi tu. Tulimheshimu kwa kutomuuliza lile lingine. Chumba chake kilitazamana na chetu, bomba la maji likiwa katikati. Nilimjua tangu nikiwa darasa la tano, nilipopelekwa kwake tuisheni ya hesabu huku nikilia.

Alikuwa amepaka ukuta wa nje rangi nyeusi, ndio ukawa ubao wake. Alikuwa na chaki, rula ndefu, na ile pembe tatu kubwa ya mbao ambayo walimu huchorea pembe mraba ubaoni. Fimbo hakuwa nayo. Alikuwa na sentensi moja iliyouma kuliko fimbo: "Jibu bila njia ni sifuri."

Siku moja nilileta jibu sahihi nililolipata kwa kukisia. Akanipa sifuri.

"Lakini Madam, jibu ni lenyewe!"

"Ni lenyewe, ndiyo. Hata mwizi wa ng'ombe hufika nyumbani na ng'ombe mwenyewe. Onyesha njia."

Nimesoma chuo kikuu, nimefundishwa na maprofesa jinsi ya kutilia shaka kila ninachoambiwa, na bado sijasikia somo la falsafa lililoishinda sentensi ya yule ng'ombe.

Sukari aliipima. Alijaza kijiko, akapitisha kisu juu yake mpaka ikawa sawa, ndipo akaimimina kwenye kikombe cha mgeni. Watu walimwona mchoyo. Kisha jirani akajifungua mvua ikinyesha, na Madam akampa godoro lake mwenyewe, yeye akalala juu ya magunia, na hakulidai tena. Kanisani aliimba sauti ya nne pamoja na wanaume kwa sababu, alisema, wanaume wenyewe walikuwa wanapotea njia. Huruma ya watu hakuipenda. Ukimwambia pole mara mbili alikukata: "Moja imetosha. Ya pili mpe mwenye kidonda."

Na kulikuwa na jambo moja ambalo yeye mwenyewe alitoa jibu bila kuonyesha njia. Ukimuuliza mguu uliumia wapi, alisema, "Turbo." Ukimuuliza vipi, alisema, "Nilianguka." Basi. Nilijumlisha mengine kutoka kwa mama yangu. Madam alikuwa akifundisha Turbo na alikuwa na shamba lake pale, la mahindi, lenye nyumba ya mabati. Wakati wa vurugu nyumba ilichomwa. Alikimbia, akaangukia mtaroni, hakuweza kuinuka. Watu wa pikapu ya maziwa walimkuta, wakamlaza nyuma katikati ya mitungi, wakamleta mjini. Hospitali zilikuwa zimefurika wenye majeraha ya mapanga na moto. Mama mmoja asiyevuja damu, nani angemshughulikia? Alipewa dawa ya maumivu akapelekwa kulala uwanjani kwenye mahema pamoja na wengine.

Ulipomsikia anakuja, ulisikia hatua, kisha mburuto, kisha hatua. Fundi viatu alimwongezea kipande cha tairi chini ya kiatu cha kushoto kwa sababu mguu ule ulikuwa unazidi kuwa mfupi. Usiku alilalamikia goti. Kwa miaka mama yangu alimkanda goti hilo kwa mafuta ya ng'ombe yaliyopashwa moto, na mimi nilimnunulia dawa za kupaka zenye harufu ya kukata pua. Siku ya ile eksirei daktari alilikunja goti, akalinyoosha, akacheka kidogo.

"Goti hili ni zima kabisa. Ni nyonga inayolia kwa mdomo wa goti."

Nilimuuliza maana yake, na kwa mara ya kwanza nikakutana na daktari asiyechoka na maswali. Alisema mfupa wa paja una kichwa cha mviringo kinachoingia ndani ya kikombe kwenye mfupa wa nyonga. Madam alipoanguka, shingo ya mfupa ule ilipasuka. Ufa ulijiunga wenyewe vibaya, lakini mishipa midogo inayolisha kichwa ilikuwa imekatika. Kichwa kikakosa damu, kikafa polepole, kikaanza kuporomoka. Sasa mfupa ulikuwa unasaga mfupa.

"Kwa hiyo unakitoa?"

"Nakitoa. Naingiza shina la chuma ndani ya paja, juu yake kichwa kipya, na kwenye nyonga kikombe kipya. Mazoezi hayawezi kufufua mfupa uliokufa. Lakini baada ya kuubadilisha, mazoezi ndiyo kila kitu."

"Na asipoyafanya?"

"Atakuwa na nyonga nzuri sana na hatatembea."

Kwenye benchi la nje nilimweleza Madam yote, pamoja na hatari: vijidudu, damu kuganda mguuni, nyonga kuchomoka. Nilitaka aogope kidogo ili afikirie vizuri. Alisikiliza hadi mwisho.

"Umemaliza, Wakili?"

"Nimemaliza. Lakini kwa nini usiajiri kibarua akupandie? Shamba si lazima ulikanyage wewe."

"Nilitolewa Turbo nimelala kama mtungi wa maziwa," alisema. "Nataka nirudi nimesimama, na nipande kwa mkono wangu. Huo ndio mguu ninaoutaka. Wa kwenda sokoni nilikuwa nao."

Bima ililipia kitanda na upasuaji. Kifaa chenyewe mgonjwa alijinunulia, na nilipouliza, alisema ameshapata njia. Nilidhani ni wanawe waliokuwa wakifanya kazi mbali.

Alipasuliwa mwezi wa kwanza. Walimchoma sindano ya mgongoni iliyofisha miguu lakini ikaacha masikio. "Nilisikia nyundo," alituambia. "Wanagonga kama mafundi wa mabati. Nikamwambia daktari, polepole, hii si paa."

Siku iliyofuata, kijana wa mazoezi ya viungo, mtoto wa mkulima wa Moiben, alikuja na fremu ya kutembelea na kumwambia asimame. Mama yangu karibu ampige.

"Amepasuliwa jana! We kijana, una mama?"

"Ninaye, mama. Na akipasuliwa jana, leo nitamsimamisha. Akilala sana damu inaganda."

Madam alisimama. Uso wake ukawa na rangi ya majivu. Akasema mguu mpya ni mrefu mno, wamekosea kipimo. Kijana akamweleza kwamba sasa miguu ndiyo imelingana. Mwili umezoea kuinama upande na utachukua muda kuamini. "Basi na uamini," alisema Madam, akapiga hatua.

Kijana alimwomba ahesabu kwa sauti anapokaza misuli ya paja. Hapo nikasikia jambo ambalo sikuwahi kulisikia miaka yote ya Huruma: Madam alihesabu kwa lugha ya kwao. Wodi ikanyamaza. Wakati wa vurugu, lugha ile ilitosha kumfanya mtu aonyeshwe kidole. Kijana wa Moiben hakuinua hata macho, alishikilia tu kisigino chake. Kisha nyanya wa kitanda cha pili, aliyekuwa na kifundo kilichovunjika, akaanza kuhesabu naye kwa Kikalenjin, huku akiinua mguu wake mzima. Hawakuelewana namba hata moja. Walimaliza pamoja, na Madam akamwambia kwa Kiswahili, "Umeruka saba." Nyanya akacheka mpaka muuguzi akaja kuangalia.

Shida ilianza nyumbani. Hospitali ilitoa masharti matatu: goti lisipande juu kuliko nyonga, miguu isipishane, na asijipinde akiwa amesimama. Ni rahisi kuyakubali masharti hayo mpaka uishi kwenye ploti ya Huruma, ambako kila kitu kiko chini. Jiko liko chini. Beseni liko chini. Choo ni shimo sakafuni. Stuli ya kupikia ni kama matofali mawili. Na mgonjwa anayeheshimiwa hukaribishwa kwenye kiti cha sofa kinachozama mpaka magoti yanakutana na kidevu.

Tuliinua kitanda kwa matofali. Fundi wa jua kali wa barabara ya pili alikata tundu kwenye kiti cha plastiki, akakikazia miguu kwa mbao, tukakiweka juu ya shimo la choo. Ploti nzima ilikitumia kwa siri. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa wa kwanza kulalamika kwamba kinazuia mlango, ndiye aliyekataa kiondolewe baadaye.

Ile pembe tatu ya mbao Madam aliipa kazi mpya. Kila alipokaa, aliisimamisha kati ya paja na tumbo lake. "Pembe hii ikibana, nimekosea." Wanafunzi wake wa tuisheni waliruhusiwa kumkagua, nao walimkagua bila huruma: "Madam! Umeenda themanini!"

Akina mama wa kanisa walikuja kumwona na maziwa lala na ndizi. Walitaka kumkanda nyonga kwa mafuta moto na kuuvuta mguu, kama walivyozoea kumfanyia mama mzazi. Nilisimama mlangoni.

"Hapana, mama. Ukiuvuta unaweza kuchomoka."

"Haya, msomi. Wewe umezaa wangapi?"

"Hakuna."

"Basi kaa kando."

Hakuna kitabu nilichosoma kilichoweza kuwasogeza. Madam ndiye aliyewasimamisha. Alisema anayetaka kugusa mguu aguse wa kulia, ambao haujawahi kukandwa na unaona wivu. Wakaukanda wa kulia. Mwenyekiti wao, akiwa bado amekunja mikono ya blauzi, akatoa wasiwasi wake wa kweli.

"Lakini Madam, hicho ni chuma. Na mvua zetu za radi unazijua. Tunafunika vioo, tunazima redio. Wewe utasimama shambani na chuma ndani?"

Niliingilia kueleza habari za umeme. Madam aliniwekea mkono. "Radi ya Uasin Gishu imenitafuta miaka hii yote bila chuma, haikunipata," alisema. "Ikija sasa itakuwa imechelewa shule."

Mchungaji aliyekuja nao alipotaka sote tupige magoti tuombe, Madam alibaki wima kwenye kiti chake kirefu. "Mchungaji, nipigie na yangu. Mungu anajua pembe mraba, ndiye aliyeianzisha."

Usidhani alikuwa jasiri muda wote. Kuna asubuhi alikataa kuamka. Alinitupia soksi kwa sababu hakuweza kuivaa mwenyewe, na mtu mzima kuvalishwa soksi na mtoto aliyemfundisha jedwali la kuzidisha, alisema, ni tusi. Niliiokota nikamvalisha. Akatazama ukuta. Jioni nilimkuta ameifunga kwenye kijiti kwa kamba, anajifunza kuivuta juu bila kuinama.

Kliniki ya mwisho wa mwezi wa pili ndiyo iliyomvunja moyo. Kijana wa mazoezi alimwambia asimame kwa mguu mpya peke yake. Aliposimama, nyonga ya upande wa pili ilishuka chini kama mzani uliolemewa.

"Misuli bado," kijana alisema. "Shamba lina mabonde. Ukikanyaga vibaya hivi, unaanguka. Siwezi kukuruhusu."

"Watu wameshalima. Wiki chache mvua iko hapa."

"Najua, Madam. Baba yangu ameshalima pia."

Nilidhani atabishana. Aliuliza tu ni misuli ipi. Kijana akaweka kiganja chake pembeni mwa nyonga akamwonyesha. Tangu siku hiyo alilala kwa upande mzima, mto katikati ya magoti, akiinua mguu mpya kwenda juu na kuushusha, asubuhi, mchana na jioni, mlango ukiwa wazi, akifundisha. "Thuluthi mbili za tisa!" Mguu juu. "Nani amesema tano? Toka nje ufikirie!" Mguu chini. Alipoweza kutembea na gongo moja, alilishika mkono wa kulia, upande wa mguu mzima. Nilibisha kwamba ameligeuza. Akanichorea ubaoni mwili, uzito na mishale mpaka nikakubali. Ua wetu ukiwa wa saruji, alikwenda nyuma ya vyoo, kwenye kile kipande cha matope na mawe ambapo watu humwaga majivu, na huko akajifunza kukanyaga pasipo sawa.

Mawingu yalipoanza kukusanyika alasiri, tulirudi kliniki. Alisimama kwa mguu mpya. Kijana alipiga magoti nyuma yake, akatazama mstari wa nyonga kwa muda mrefu. Haukushuka.

"Usiiname," alisema. "Usichuchumae. Usibebe gunia. Na uniletee mahindi ya kuchoma."

Utapandaje bila kuinama? Alikuwa ameshalifikiria. Alinunua paipu ya plastiki, ile ya maji machafu, iliyomfika kifuani. Mtu mmoja anatangulia kuchimba mashimo. Yeye anafuata amesimama wima, anaweka mdomo wa paipu kwenye shimo, anadondosha mbegu juu, zinateremka zenyewe. Nyuma yake mwingine anafukia kwa mguu. Wa kufukia nilikuwa mimi.

Kule Turbo, kwenye mpaka wa shamba, alikuwa anatungoja mzee aliyevaa koti la mvua na kushika jembe. Madam alikuwa ameniambia habari zake njiani kwa sentensi moja: "Ni jirani. Hakunichomea nyumba, na hakuniletea maji." Nilimtazama kwa jicho baya. Ilionekana shamba limelimwa kila mwaka. Mabua ya zamani yalikuwa yamegeuziwa chini vizuri, na sikuhitaji shahada kujua ni nani aliyekuwa akivuna.

"Chamgei, Madam," mzee alimsalimu kwa Kikalenjin.

"Chamgei mising, Mzee. Kamba umeleta?"

Alikuwa ameileta. Waliivuta kutoka kigingi hadi kigingi. Mzee akaanza kuchimba. Madam alilaza gongo lake kwenye nyasi za mpakani, akanyoosha mgongo, akakanyaga udongo uliolimwa. Mguu ukazama kidogo. Akautoa, akakanyaga kwa mwingine. Hakukuwa na mburuto. Nilitambua kwamba nimekuwa nikiusikia tangu utotoni, na kutokuwepo kwake kulikuwa kama mtu amezima mashine.

"Mzee, hilo shimo limetoka mstarini."

"Madam, mahindi hayasomi hesabu."

"Yanasoma. Ndiyo sababu yako huanguka."

Mzee alilifukia lile shimo kwa kisigino akachimba jingine. Alikuwa na umri wa kuchimbiwa, si kuchimba. Vibarua walikuwa wamekaa barabarani wakisubiri kazi, na yeye aliwapita. Jasho lilimtoka mpaka akavua koti. Madam hakumpunguzia mwendo. Tulipofika pale ilipokuwa nyumba, ambapo sakafu ya zamani ilikuwa bado inaonekana kama kovu la mstatili, mzee alisimama akamtazama, na Madam akaonyesha kwa paipu kwamba kamba ipite hapo hapo, pembeni ya sakafu. Ikapita.

Mapumziko yalipofika, Madam akiwa amekaa juu ya debe lililogeuzwa, nilishindwa kujizuia.

"Mzee, kwa nini unachimba wewe?"

Alifuta uso. "Nimeambiwa nichimbe."

"Na nani?"

Akamnyooshea Madam kidevu. Nikamgeukia.

"Kunywa chai yako, Wakili," alisema Madam. "Mvua haingoji majibu."

Nilijijibu mwenyewe: ni hatia. Anailipa kwa jembe. Jibu hilo lilinitosha, nikalibeba miaka. Tulimaliza jioni, ngurumo zikiwa upande wa Webuye. Madam alitembea mstari wa mwisho polepole, akarudi kwa mstari ule ule mpaka mwanzoni, kana kwamba anasahihisha daftari. Nilimletea gongo akalichukua. Kwa mzee alisema asante moja. Mzee aliinamisha kichwa, kama mtoto wa kwao anavyomwinamia mkubwa ili aguswe utosini, na Madam, baada ya kusita, akamgusa.

Alivuna. Kijana wa Moiben alipata mahindi yake. Aliendelea kufundisha na kutembea kwenda kanisani, na aliishi na nyonga ile bila kuilalamikia hadi maradhi mengine, ya kifua, yalipomchukua. Mimi ndiye niliyekwenda Turbo kumpasha habari yule mzee. Nilimkuta shambani, pale pale, akipalilia. Alisimama akiegemea jembe, akaniuliza kama nilijua. Nikasema najua nini.

Akaniambia shamba lilikuwa limeshakuwa lake tangu Krismasi ya kabla ya upasuaji. Madam alimuuzia mbele ya wazee ili anunue kile chuma cha nyonga, na hakubishana naye bei. Sharti lake lilikuwa kwamba mavuno ya msimu wa kwanza baada ya kupona yangekuwa yake Madam, na kwamba mashimo yote angechimba mzee mwenyewe.